Namna ya Kulidanganya Jicho la Mama Mkwe

Harusi imepita, ndafu imeliwa, kamati imevunjwa. Imebaki kazi yako. Kwenye kompyuta una rundo la klipu kutoka kamera tatu: Sony iliyosimama kanisani, Canon iliyozunguka ukumbini, na simu ya binamu aliyejitolea kurekodi upande wa kina mama. Shela ni moja, lakini mbele yako zipo tatu: nyeupe, ya rangi ya siagi, na ya samawati. Familia inataka video Jumamosi.

Njia ndefu ipo, na ni njia njema. Unaweka kadi ya kijivu mbele ya kila kamera kabla ya ibada, unapanga waiti balansi moja kwa wapiga picha wote, na hakuna anayeacha kamera ijiamulie mambo yenyewe. Wewe hukupata nafasi hiyo, na sasa hairudi. Basi sogea karibu nikuonyeshe njia fupi. Tutadanganya, na tutadanganya vizuri, kwa sababu ile familia itaitazama video hii hadi wajukuu wazaliwe, na inastahili udanganyifu wa kiwango cha juu.

Hatua ya kwanza: mjue unayemdanganya

Jicho halikumbuki rangi. Linapima tu kilicho jirani na kingine. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alilibaini hili katika karakana za Gobelins jijini Paris, alikokuwa mkuu wa kazi ya kutia nyuzi rangi. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi za Gobelins zimepauka. Akazichunguza, akakuta weusi wake hauna kasoro. Kilichozipausha ni nyuzi za rangi nyingine zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kizima kuhusu jambo hilo, na hadi leo hakuna anayegusa rangi za video bila kukumbana nalo, hata kama jina la mzee huyo hajawahi kulisikia.

Dunia ilipewa somo lile lile tena mwaka 2015. Kabla ya harusi moja huko Uskoti, mama wa bibi harusi alipiga picha gauni alilokusudia kuvaa siku hiyo. Picha ikasambaa mtandaoni, watu wakagawanyika: hawa waliona nyeupe na dhahabu, wale bluu na nyeusi. Gauni lilikuwa bluu na nyeusi. Kila ubongo ulikisia kivyake mwanga uliolimulika gauni, ukajisahihishia rangi, kisha ukaapa kwamba umeona kwa macho yake.

Chukua faida yako hapo. Usipoteze usiku kufananisha klipu ya kwanza na ya mwisho, maana hazitaonana kamwe. Fananisha zile zinazogusana kwenye mkato. Weka klipu A na klipu B nusu kwa nusu kwenye skrini, na programu zote kubwa zina dirisha la kufanya hivyo, kisha shughulika na mpaka huo tu. Ukimaliza, B inakuwa mwalimu wa C. Rangi ikihama polepole tangu kanisani hadi ukumbini, hakuna atakayejua ilihamia wapi.

Hatua ya pili: chagua kiongozi, na usiogope kumchagua aliye dhaifu

Katika kila tukio chagua klipu moja ambayo nyingine zitaifuata. Vijana wengi huchagua ile nzuri kuliko zote, kisha wanateseka kuzipandisha nyingine hadi zifikie uzuri wake. Hazifiki. Klipu ya simu iliyoungua mwanga haina kitu ndani ya ile sehemu nyeupe. Ukiivuta chini utapata kijivu kama saruji.

Fanya kinyume. Jiulize ni klipu gani mbovu ambayo huwezi kuitupa. Mara nyingi ni ile ya baba akifuta machozi wakati wa kumkabidhi binti yake, na aliyeinasa ni binamu na simu yake. Hiyo ndiyo iwe kiongozi. Itengeneze hadi mwisho wa uwezo wake, halafu zishushe zile nzuri zikae naye: punguza kontrasti kidogo, punguza ukolezo wa rangi, acha mwanga upande. Klipu nzuri huvumilia kushushwa. Mbovu haivumilii kupandishwa.

Najua moyo unauma kuharibu kazi ya kamera ya bei. Hakuna atakayejua kama ilikuwa kali zaidi. Atakachoona mtazamaji ni sherehe moja iliyopigwa na mkono mmoja.

Hatua ya tatu: bonyeza kitufe, kisha kihukumu

Ndiyo, kitufe kipo. DaVinci Resolve inacho hata kwenye toleo la bure, Final Cut Pro inacho, na Premiere Pro ilipata chake mwaka 2018. Unachagua klipu ya mfano, unabonyeza, programu inakulinganishia. Kitumie bila aibu yoyote, maana ni sekunde tatu za maisha yako.

Ila elewa kinachofanya. Kinatazama rangi zilizojaa kwenye picha na kujaribu kuzisogeza zifanane na zile za klipu ya mfano. Hakimjui bibi harusi. Kama nyuma yake ukumbi umefunikwa mapazia mekundu, na klipu ya mfano haina mapazia, kitajitahidi kuuondoa wekundu uliozidi, na uso wa mtoto wa watu utageuka wa mgonjwa. Kwenye Premiere kuna kiboksi cha kutambua nyuso, kiwekee alama kabla ya kubonyeza. Kwingineko, bonyeza ukiwa kwenye fremu ambayo uso umechukua nafasi kubwa. Matokeo yakiwa mabaya, tengua mara moja, wala usijaribu kuyatibu. Kutibu kosa la mashine huchukua muda mrefu kuliko kuanza upya.

Hatua ya nne: ondoa rangi kabisa

Hii ndiyo siri ninayoipenda kuliko zote. Shusha ukolezo hadi sifuri, picha zote mbili ziwe nyeusi na nyeupe, kisha linganisha mwanga tu. Anza na giza: weusi wa suti ya bwana harusi uwe na kina kimoja pande zote mbili. Nenda kwenye mwanga: weupe wa shela usipite kiasi. Malizia katikati, kunakokaa nyuso. Ukirudisha rangi utashangaa kwamba sehemu kubwa ya tatizo imekwisha. Ulichodhani ni tofauti ya rangi kilikuwa tofauti ya mwanga.

Sababu iko kwenye kamera yenyewe. Video nyingi za simu na za kamera za kawaida hurekodiwa kwa mfumo wa 4:2:0. Maana yake mwanga huandikwa kwa kila nukta, lakini rangi huandikwa mara moja tu kwa kila kundi la nukta nne. Robo tatu ya vipimo vya rangi hutupwa kabla hujagusa chochote, na hakuna mtu aliyewahi kurudisha simu dukani akidai rangi zake. Wahandisi waliutunga ubahili huo kwa sababu walijua jicho ni kali kwa mwanga na pole kwa rangi. Wewe unafuata nyayo zao.

Hatua ya tano: uso, uso, uso

Hapa hatudanganyi. Kila kitu kingine kwenye fremu kinaweza kukosea na ukasamehewa. Kapeti ikibadilika kutoka nyekundu hadi ya damu ya mzee, hakuna atakayeuliza. Uso wa mama wa bibi harusi ukibadilika kati ya mkato mmoja na mwingine, utaulizwa na yeye mwenyewe, mbele za watu.

Fungua vektaskopu. Ni ile duara yenye wingu la nukta, na ndani yake kuna mstari wa ngozi unaopanda kuelekea juu kushoto, kati ya nyekundu na njano. Ngozi ya binadamu, iwe ya Msukuma, ya Mwarabu wa Muscat au ya Mnorwe, huangukia karibu na mstari huo, kwa kuwa kinachoipa rangi ni damu na melanini, na hivyo sote tunavyo. Tunachotofautiana ni mwanga. Kata picha kwa muda ibaki shavu au paji la uso peke yake, angalia wingu limelalia wapi, lisogeze hadi liguse mstari, kisha ondoa ule mkato. Fanya hivyo kwa klipu zote mbili. Zikilala kwenye mstari mmoja zikiwa na mwanga unaokaribiana, umeshinda, hata kama ukuta wa nyuma haufanani.

Sasa nisikilize kwa makini kuhusu mwanga wa ngozi, kwa sababu hapa tumerithi deni la watu wengine. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipimia mashine zao kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa kadi za Shirley. Mashine ikimtoa Shirley vizuri, kazi imekwisha, na mweusi aliyekaa pembeni yake akitoka macho na meno tu, hilo halikuwa kosa la mashine. Filamu ilianza kuboreshwa baada ya watengeneza chokoleti na samani kulalamika kwamba bidhaa zao za kahawia hazitofautishiki pichani. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya watu.

Deni hilo bado linatembea. Luti nyingi (LUT, faili za rangi zilizoandaliwa tayari) unazopakua, zile zilizopewa majina ya miji ya mbali na machweo, zilijaribiwa kwenye ngozi nyeupe. Ushauri wa kuweka uso kwenye 70 kati ya 100 kwenye kipimo cha mwanga uliandikwa kwa ngozi nyeupe. Ukimpandisha shangazi yetu hadi 70 utampausha awe majivu, na yeye mwenyewe hatajitambua. Mwache akae chini, kwenye 40 au 50, kisha linda mng'ao wa paji la uso na mashavu. Ule mng'ao ndio unaoonyesha umbo la ngozi nyeusi. Ukiufuta kwa kuwa unaonekana kama mafuta, umefuta uso. Luti ikigeuza vivuli kuwa vya kijani, itupe, hata kama uliinunua.

Na vipodozi je? Bibi harusi amepakwa, uso una rangi moja na mikono ina nyingine. Usijaribu kuvisawazisha. Uso ule aliuchagua yeye kwenye kioo cha saluni, akaukubali, akatoka nao mbele ya watu. Linganisha uso na uso, iache mikono iendelee na maisha yake.

Hatua ya sita: sare

Wahariri wengi husahau hili, kisha wanashangaa simu inapoita. Kina mama wamechanga, wamenunua kitambaa cha jora moja, wameshona. Fahari yao yote ni kwamba wanafanana. Halafu wewe unawatoa zambarau mlangoni na bluu mezani.

Kosa si lako. Taa za LED za bluu hujaza chaneli ya bluu hadi kufurika, na zambarau inapopoteza wekundu wake hubaki bluu. Dawa ni nyepesi: chagua rangi ya sare peke yake kwa kifaa cha kuchagua rangi, isukume kuelekea nyekundu hadi ifanane na ile ya mlangoni, lainisha kingo za uteuzi, na hakikisha hukugusa midomo ya mtu. Fanya hivyo kwenye klipu ambazo kundi zima linaonekana. Zile za mtu mmoja mmoja, mwachie Chevreul.

Hatua ya saba: taa za DJ, au namna ya kukubali kushindwa kwa heshima

Dansi ya kwanza imeanza. Taa zinazunguka, kijani, waridi, bluu. Usilinganishe chochote hapa. Video ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila chaneli, na uso uliomulikwa na bluu tupu hauna kitu kwenye nyekundu. Huwezi kuvuta kisichokuwepo, utavuta chenga. Acha bluu iwe bluu. Macho ya mtazamaji yanajua DJ ameanza kazi.

Ugumu uko kwenye mlango wa kuingilia na kutokea: kutoka hotuba ya mjomba chini ya taa za njano, kwenda kwenye bluu, na kurudi. Hapo tumia ujanja wa zamani kuliko kompyuta, yaani usiruhusu klipu mbili zisizopatana zigusane. Weka kitu katikati. Pete. Viatu vya bibi harusi. Mshumaa wa mezani. Mkono wa DJ kwenye mashine yake. Sekunde mbili zinatosha jicho lisahau lilichotoka kuona na likubali rangi mpya kana kwamba ndiyo iliyokuwepo. Kwa hiyo siku nyingine ukiwa kazini, rekodi vitu vidogo vingi kuliko unavyodhani unahitaji. Kila kimoja ni daraja la bure.

Kama huna daraja, kata kwenye mwendo: mtu anageuka, mkono unapaa, fleshi ya mpiga picha inawaka. Fleshi ni zawadi, fremu moja nyeupe na dunia inaanza upya. Kata pia kwenye kigelegele. Sauti ikiendelea bila kukatika juu ya mkato, jicho huliamini sikio.

Na ikiwa kuna klipu ambayo haiponi kwa namna yoyote, lakini ndani yake bibi yupo na miaka yake yote anacheza kama msichana, igeuze nyeusi na nyeupe, ipunguze kasi, iweke muziki wa taratibu. Watu watalia. Fanya hivyo mara moja tu kwenye video nzima. Mara ya pili wataanza kukuuliza maswali ya kiufundi.

Hatua ya nane: funika

Klipu zikishakaribiana, weka tabaka moja la marekebisho juu ya zote: joto kidogo, kontrasti kidogo, weusi uliolainishwa kidogo, na chembechembe za filamu hafifu. Chembechembe hizo zinafanya kazi kubwa kuliko zinavyoonekana. Kamera ya bei na simu hutofautiana hata kwenye chenga zao, na ukizimwagia zote chenga za aina moja, jicho linaziona ni za ukoo mmoja.

Liweke mwisho. Ukiliweka mwanzo litaziba makosa ambayo ungeyaona mapema, na utayagundua wakati faili limeshatoka.

Kabla ya yote hayo, zima ile hali ya usiku inayoifanya skrini iwe ya njano, hapo hapo kwenye mipangilio ya kompyuta. Ondoka kwenye pazia la bluu na balbu ya sebuleni. Kila baada ya muda inua macho utazame ukuta wa kijivu au mweupe, maana jicho lako nalo linadanganywa na lile lile unalowafanyia wengine, na baada ya saa nzima kwenye rangi ya machungwa, rangi hiyo huanza kuonekana nyeupe.

Hatua ya tisa: onyesha kazi

Jaribu kwanza kwenye simu ya kawaida, halafu kwenye televisheni ya mtu asiyejua mipangilio, ile ambayo bado iko kwenye hali ya dukani, bluu kali na rangi zinazopiga kelele. Shela ikibaki shela kwenye zote mbili, toa faili.

Familia ikija, usiwape rimoti. Wape soda. Anza kwa kuwaonyesha klipu chache mbichi kutoka kwenye kamera, zilivyopauka na kutofautiana, useme tu kwamba hivi ndivyo zilivyokuja. Kisha cheza kazi yako, sauti juu, bila kusimamisha. Jirani wa kazi yako sasa ni ile mbichi, na kwa kulinganishwa nayo itang'aa kuliko ilivyo.

Watazame wanavyotazama. Hakuna hata mmoja atakayeangalia ukuta, kapeti wala mapazia uliyoyakeshea. Kila mmoja atajitafuta yeye. Mwenyekiti wa kamati atasubiri hotuba yake. Shangazi atahesabu mara alizotokea. Kwa hiyo kabla hujatoa faili, pitia orodha ya wazito wa familia na uhakikishe kila mmoja ana angalau klipu moja ambayo uso wake umekaa vizuri kwenye ule mstari, una mng'ao wake, na haukatwi ghafla. Nusu saa ya kazi hiyo ina thamani kuliko usiku mzima wa kusawazisha kuta.

Mama mkwe akiuliza kwa nini kanisani shela inaelekea njano, mwambie kweli. Taa za kanisa lile ni za njano, za Kelvin 3,200 hivi, na mwanga wa nje ulikuwa karibu 5,600, ukachagua kuacha joto kidogo kwa sababu ndivyo kanisa lilivyoonekana kwa aliyekuwa ameketi ndani. Kisha mwombe akuonyeshe alikokaa. Ataanza kujitafuta kwenye viti vya mbele.